Nilitaka konokono wa chuma, nikauziwa springi

"Mama, kwani huo mkarakara umelalamika?"

Hayo ndiyo majibu niliyopewa na fundi wa kuchomelea, hapa hapa Mtwara, mbele ya vijana wake watatu na mteja aliyekuja kuulizia geti. Wakacheka wote. Kicheko kile kikinijia nikiwa jikoni, mwiko unasimama.

Nilichotaka ni kichanja cha kutambazia mkarakara ukutani, chenye yale mapindo ya konokono ambayo mafundi wenyewe huyaita maua. Na siku ya kwanza, niseme haki yake, alinikosha. Hakuwa na mashine. Alikuwa na bamba zito alilolichomelea kalibu ya konokono. Anabana ncha ya flati baa, kile chuma bapa kirefu, pale katikati, kisha anaivuta taratibu kuizungushia kalibu, chuma baridi, bila moto. Akachora kwa chaki sakafuni, akalaza uzi juu ya mchoro na kunionyesha: konokono wa upana wa sentimita 20, mwenye mizunguko mitatu, anakula mita 1 na ushee. Mimi mshonaji, kupima kwa uzi nakujua. Nikajisemea, huyu ndiye. Konokono 12, flati baa tatu za mita 6. Nikalipa zote tatu, pesa mbele. (Ujinga wangu, naujua.)

Kusi lilipoanza kuvuma, alfajiri moja nikasikia twaa! Nikadhani paka kaangusha sufuria. Kumbe konokono mmoja kafyatuka, kanyooka kama mjusi aliyekanyagwa. Baada ya siku chache mwingine. Wa tatu akanichania dera jipya.

Ndipo nikawatazama vizuri. Chini ya ile rangi nyeusi, iliyopakwa mkono mmoja tu bila redoksaidi ya kuzuia kutu, tena kwetu Shangani ambako upepo wa bahari unatafuna hata vitasa, chuma chenyewe kilikuwa chembamba, kina makali pembeni. Ilikuwa mikanda ile ya kufungia bandali za mabati! Mkanda ule umetengenezwa mgumu makusudi usivutike, ukiupinda unarudi. Flati baa nayo hurudi kidogo, ndiyo maana kalibu huwa imebana kuliko umbo unalolitaka, lakini ikikubali imekubali. Yeye aliwashika konokono wake kwa vidoti vya kuchomelea. Upepo ukatikisa, vidoti vikaachia.

Nikahesabu. Saba ni mikanda, watano ni flati baa halali. Watano, yaani flati baa moja! Zangu mbili zimekwenda wapi? Hilo ndilo nililokwenda kumuuliza, kwa adabu kabisa, nikamwita "fundi wangu," naye akanijibu habari ya mkarakara.

Kwa hiyo msiende. Mikono anayo, ila mdomo na mfuko wake, astaghafirullah.

Ila wale watano. Nitawaficha wapi? Wamekaa ukutani hawajatikisika, mduara unafunguka pole pole, huoni kona, huoni alama ya nyundo. Kwa hasira nikapeleka kazi iliyobaki kwa fundi mwingine, mpole, mwenye salamu ndefu. Akaweka chuma motoni, akagonga, akaniletea konokono wawili wenye pembe kama boksi la sabuni. Nikamshukuru. Wanashikilia ndoo bafuni.

Nyota mbili basi. Au nne kwa mikono na sifuri kwa ulimi, mtajumlisha wenyewe.

Flati baa mbili nimenunua mwenyewe dukani, nimezitia alama ya rangi ya kucha, nyekundu, toka ncha hadi ncha. Nampelekea wiki hii. Nakwenda na stuli yangu na kitambaa cha kudarizi, nakaa pale pale mlangoni mpaka wa saba apindwe, na vijana wake wacheke wakitaka.