Uzoefu wangu: mwaka na miezi miwili na kifurushi cha striming badala ya kebo, kwa sisi wapenzi wa katuni

Niseme mapema, kifurushi bado ninacho na mwezi huu nimelipa, kwa hiyo hii sio rivyu ya mtu aliyekasirika akakimbilia kuandika. Nimekaa nacho mwaka na miezi miwili, niko Marekani, na kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kebo miaka mingi sana. Na mimi ni mtu wa katuni. Simaanishi yule anayewasha katuni ili mtoto atulie, namaanisha yule anayesubiri majina ya mwisho yapite aone nani kachora storibodi (ile michoro ya kwanza ya kupanga matukio) ya hiyo epizodi, maana nikishalijua jina namfuatilia popote anapoenda kufanya kazi.

Kebo nilikata sababu ya bili tu. Ilikuwa inapanda kila mwaka, na ukiichambua unakuta unalipia machaneli ya michezo ambayo hapa kwangu hakuna anayeyafungua, alafu zile za katuni ninazozitaka ziko tatu nne zimejificha huko mwisho. Kifurushi kikaja na huduma tatu za striming, yaani za kuangalia kwa intaneti, kwa bili moja, chini ya nusu ya nilichokuwa nalipa. Usiku wa kwanza nilikaa mpaka saa tisa napekua tu, sikumaliza hata kitu kimoja, naona katuni za utotoni, naona anime (katuni za Kijapani) ambazo zamani nilizisubiri kwenye Toonami, kile kipindi cha anime cha Cartoon Network, na ukichelewa ndo basi tena, naona filamu za kuchorwa kwa mkono zimepangwa moja baada ya nyingine. Na anime unachagua mwenyewe, sauti ya Kijapani na maandishi chini au iliyotiwa sauti ya Kiingereza. Kwenye kebo ulikuwa unapewa ulichopewa. Hapo sibishi kabisa, kwa mtu anayejua anachokitaka hii kitu ni nzuri na hela yake inaonekana.

Kujiunga ndo kulinichosha. Huduma moja kati ya zile tatu nilikuwa nailipia kivyake kupitia simu, nikadhani nikishachukua kifurushi ile ya zamani itajifunga yenyewe. Haikujifunga. Nimelipa mara mbili kwa miezi miwili mpaka siku napitia statimenti ya benki nikaona makato mawili yamekaa karibu karibu, nikapiga simu, wa kifurushi wakasema ongea na wa simu, wa simu wakasema ongea na huduma yenyewe, mwisho nikarudishiwa mwezi mmoja, wa pili ukapotea hivyo hivyo. Kwa hiyo kama kuna huduma unailipia tayari, ifute kwanza, subiri mwezi wake uishe, ndo uchukue kifurushi. Na ujue bili ni moja ila apu ni tatu, paswedi tatu, na ulipoishia kuangalia hapakufuati kutoka apu moja kwenda nyingine.

Nilichukua ile ya bei ya chini yenye matangazo. Sasa katuni nyingi za kebo ni za dakika 11, mbili zinajaza nusu saa, na waandishi walikuwa wanajua tangazo litaingia wapi, kwa hiyo walijenga kituo palepale, mtu anafungua mlango, kimya, tangazo, unarudi unajua alichokiona. Kwenye kifurushi changu tangazo linadondoka katikati ya sentensi. Mhusika keshafungua mdomo, unaletewa sabuni ya kufulia, na tangazo lilelile utaliona tena baada ya dakika saba.

Ila kinachoniuma zaidi ni mwisho wa epizodi. Muziki ukianza tu, picha inajikunja inakuwa kijisanduku kwenye kona, kidogo kama stempu ya barua, pembeni namba zinahesabu tano, nne, tatu, na epizodi nyingine imeshaanza. Majina ya watu waliokaa miezi wakichora hayasomeki hata usogee mpaka pua iguse tv. Kebo nayo ilikuwa inayabana majina ili itangaze kipindi kinachofuata, hilo nakubali, lakini kwa hela ninayotoa na hizi tv kubwa tulizonazo siku hizi nilitegemea angalau hapo tupate heshima. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuzima hiyo ya kujicheza yenyewe, nimeizima, ila unazima kila profaili, kila apu.

Kwenye mambo ya picha mashabiki tulishapigana na tukashinda. Disney+, huduma ya striming ya Disney, ilipoanza Novemba 2019, epizodi za zamani za The Simpsons ziliwekwa zikiwa zimekatwa juu na chini ili zijaze tv pana. Kuna tukio kwenye kiwanda cha bia ya Duff, matanki matatu yana majina matatu tofauti na yote yanalishwa na bomba moja linalopita juu. Bomba likakatwa, utani ukafa. Watu walilalamika, na Mei 2020 wakaweka chaguo la umbo lake la asili. Miezi sita, lakini ilirudi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Mpwa wangu ana miaka tisa, wikendi huwa anakuja kwangu, tukaanza katuni moja ndefu pamoja na tukafika msimu wa pili. Ijumaa moja kawasha mwenyewe, mimi niko jikoni, nasikia "Mjomba, mbona haipo?" Nikajua kakosea apu. Nikaenda. Picha yake kwenye orodha yetu ilikuwepo bado, ukiibonyeza inakwambia haipatikani kwa sasa, basi, hakuna barua pepe, hakuna onyo la wiki moja kabla. Nikapekua apu zote tatu, nikaandika jina herufi kwa herufi, yeye kakaa kwenye kochi na rimoti mapajani ananiangalia mimi, siyo tv. Akauliza kama tumesahau kulipa. Tumelipa. Hilo ndilo nililoshindwa kumweleza, kwamba tumelipa na bado imeenda.

Na katuni ndizo zinazoanza kutolewa, jamani, hii sio hisia zangu tu. Agosti 2022, miezi michache baada ya WarnerMedia na Discovery kuungana, HBO Max, huduma yao ya striming, ilitoa vipindi 36 ili kupunguza gharama, na katuni zilikuwa nyingi mno humo, zikiwemo Infinity Train na Summer Camp Island. Watu walikuwa katikati ya kuziangalia. Machi 2025 ikaja zamu ya Looney Tunes za asili, za kuanzia miaka ya 1930, zikatoka kwenye Max (ni HBO Max ileile, jina tu lilikuwa limebadilishwa), na hao kina Bugs Bunny ndo sura ya Warner tangu babu zetu. Kwa watu wa anime ni Funimation, huduma ya striming ya anime, ilifungwa Aprili 2, 2024 wateja wakahamishiwa huduma nyingine ya anime, Crunchyroll, na zile nakala za kidijitali walizopata kwa namba ya siri iliyokuja na diski walizonunua hazikuhamishwa. Mtu kanunua diski, kaingiza namba, kaambiwa ni yako, alafu siku inafika apu haipo na nakala haipo.

Upande wa kebo nilidhani nikikata mimi haitabadilika kitu, chaneli itaendelea kuwepo kwa wengine. Kumbe kebo na striming vimefungwa kamba moja. Septemba 2023 Disney na Charter, moja ya kampuni kubwa za kebo Marekani, walikuwa kwenye ugomvi wa siku kama 10, chaneli zimezimwa, na walipopatana Disney+ yenye matangazo ikaingizwa ndani ya kifurushi cha kebo huku chaneli nane zikiachwa nje. Disney XD ilikuwemo kwenye hizo nane, Disney Junior ilikuwemo. Yaani ili apu iingie, chaneli za katuni ndo zikatoka! Zilikuja kurudishwa kwenye makubaliano mapya ya 2025, lakini karibu miaka miwili mtoto mwenye kebo tu alikuwa hana. Cartoon Network nayo, mwaka 2023 Adult Swim, yaani muda wake wa vipindi vya watu wazima, ikasogezwa ikawa inaanza saa 11 jioni, na Agosti 2024 tovuti ya Cartoon Network yenye magemu na video ikazimwa, ukienda ukawa unapelekwa Max. Uingereza walishatutangulia, Disney Channel ilifungwa huko 2020 mwaka uleule Disney+ ilipoingia.

Na hela ndo kiini. Kwenye kebo kila mwenye kifurushi cha kawaida alikuwa anachangia senti kidogo kwa chaneli ya katuni, awe anaiangalia au haiangalii, hata mzee anayefungua taarifa ya habari peke yake alikuwa anatuchangia. Hiyo hela inaingia kila mwezi, chaneli inaweza kuivumilia katuni ya ajabu ambayo watu wanachelewa kuizoea. Striming wanataka kuona nani kajiunga kwa ajili ya nini na kamaliza epizodi ngapi, na ikichelewa haina wa kuibeba. Julai 2023 Nielsen, kampuni inayopima watu wanaangalia nini kwenye tv, walipima wakakuta kebo na chaneli za kawaida kwa pamoja zimeshuka chini ya nusu ya muda wa watu mbele ya tv, mara ya kwanza. Mimi ni mmoja wa waliozishusha na najua hilo.

Kitu kingine nilichokikosa ni kukutana na kitu bila kukitafuta. Katuni ninayoipenda kuliko zote niliikuta saa tano usiku nahamisha chaneli, imeshafika katikati, sijui inaitwaje, nikabaki. Kwenye kifurushi naletewa vinavyofanana na nilivyoangalia jana.

Kwa hiyo ushauri wangu, kichukue, bei ni nzuri, ila chukua cha mwezi kwa mwezi, usilipie mwaka mzima, na ile katuni usiyotaka kuipoteza inunue kwenye diski wakati bado zinauzwa. Mimi nimenunua kicheza diski, na ile ya mpwa wangu nimeipata yote, misimu minne kwenye boksi moja. Jumamosi iliyopita tumemaliza diski ya tatu, majina yakapita skrini nzima, polepole, na yeye akaniomba nisimamishe kidogo amalizie kusoma waliochora mandhari.