Santuri za Roki za Jukwaani: Uanze na Ipi?

Kama fedha yako inatosha santuri moja tu, nunua At Fillmore East ya Allman Brothers Band, iliyorekodiwa New York Machi 1971. Sijasikia bendi nyingine ya roki inayosikilizana hivi. Duane Allman na Dickey Betts wote ni wapiga solo, lakini hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mmoja akiachia, mwingine anadaka palepale. Duane anatelezesha kichupa cha dawa juu ya nyuzi hadi gitaa linalia kama mtu. Whipping Post inachukua dakika 23, upande mzima wa santuri, na aliyekulia kwenye sebene hataona urefu wake. Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki Oktoba mwaka huohuo, na miaka 24 tu. Kwangu, ukimtoa Hendrix, hakuna mcharazaji wa zama zile anayemfikia.

Inafuata Live at Leeds ya The Who, ya Februari 14, 1970, kwenye bwalo la Chuo Kikuu cha Leeds. Hii angalia toleo kabla hujalipa: santuri ya 1970 ina nyimbo 6, CD ya 1995 ina 14. Chukua ya 1995. Mwenye santuri ya zamani akisikia mikwaruzo asimrudie muuzaji. Kwenye lebo yenyewe waliandika kwamba kelele hizo ni sawa, zisirekebishwe. Wengi humsifu mpiga gitaa wao, Pete Townshend, nami namheshimu, lakini sikio langu humfuata John Entwistle. Besi lake ndilo linalobeba kila kitu.

Made in Japan ya Deep Purple (Osaka na Tokyo, Agosti 1972) ni ya tatu, kwa ajili ya kinanda cha Jon Lord. Solo ya ngoma ni ndefu mno.

Najua wengi mngemtanguliza Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mzaliwa wa Unguja. Sauti yake naipenda mno, ila Live Killers ya 1979 haimtendei haki. Tafuta Queen Rock Montreal, onyesho la Novemba 1981: wao wanne tu jukwaani, na yeye koo limefunguka.

Ukinunua ya mtumba, At Fillmore East na Made in Japan ni santuri mbilimbili. Zitoe zote kwenye jalada, ziinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo. Kwa Allman, kagua zaidi upande wa nne; Whipping Post iko huko.