Kupinga deni kwa barua ya rejista: uzoefu wangu

Kwa wiki mbili niliogopa kushika simu. Kampuni moja ya kukusanya madeni hapa Marekani ilinidai dola 840 za matibabu, katika hospitali ambayo sijawahi kuikanyaga. Kila nikieleza, kesho yake anapiga mwingine asiyejua lolote nililomwambia mwenzake. Mmoja akanisihi nitoe angalau dola 50 kuonyesha nia njema. Nashukuru Mungu sikutoa. Katika majimbo mengi, malipo madogo kama hayo yanaweza kufufua deni ambalo muda wake wa kushtakiwa umeshapita.

Taarifa yao ya deni ilipofika kwa posta niliisoma yote, hata maandishi madogo. Nilikuwa na siku 30 za kupinga. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu wakusanya madeni inasema ukipinga kwa maandishi ndani ya muda huo, wanalazimika kuacha kudai hadi wakutumie uthibitisho. Kupinga kwa simu hakukupi kinga hiyo.

Nilichukua mfano wa barua kwenye tovuti ya CFPB, taasisi ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, nikaufupisha. Nilisema napinga deni lote. Nikataka jina la mdai wa kwanza, mchanganuo wa kiasi, riba na ada, pamoja na karatasi zinazonihusisha nalo. Sikuandika popote "deni langu". Nikabaki na nakala, nikaituma kwa rejista na kulipia kadi ya kupokelewa.

Kadi hiyo ya kijani ilirudi na sahihi. Walipopiga tena wakisema hawajaona barua yoyote, niliwasomea tarehe iliyoandikwa pale. Simu zikakoma siku hiyohiyo.

Kilichoniumiza ni kusubiri, maana sheria haiwapangii siku ya kujibu. Baada ya wiki saba zikaja karatasi: jina linafanana na langu, tarehe ya kuzaliwa ni ya mtu mwingine kabisa! Niliwaandikia tena, wakafunga faili na kunithibitishia kwa barua.

Hata hivyo deni lilikuwa bado limo kwenye rekodi yangu ya mikopo. Huko ilinibidi nilipinge upya, kwa kampuni zenyewe zinazotunza rekodi hizo, nikiambatanisha nakala ya barua ile ya kufunga faili. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Langu lilifutwa siku ya 24.