Daftari la kampuni la California: linamfaa nini mbanguaji wa Mtwara na Lindi

Mtu anayejiita mnunuzi kutoka California akikuandikia anataka kontena la W320 (daraja la korosho nzima zilizobanguliwa), usikimbilie kutuma sampuli. Kontena la futi 20 hubeba maboksi 700 ya kilo 22.68, karibu tani 16 za korosho zilizobanguliwa. Huo ni mtaji wa kikundi kizima. Anza na bizfileonline.sos.ca.gov, daftari la Katibu wa Jimbo la California. Kutafuta ni bure, na akaunti haihitajiki.

Sisi tumezoea BRELA, wakala wetu wa usajili wa kampuni, mlango mmoja kwa Tanzania Bara nzima. Marekani haina daftari moja la taifa. Kila jimbo na lake, na kwa kawaida liko kwa Katibu wa Jimbo, ambaye pia hutunza muhuri wa jimbo na mara nyingi ndiye msimamizi wa uchaguzi. (Kwa Kiingereza ni "Secretary of State", lakini si yule waziri wao wa mambo ya nje mwenye cheo cha jina hilohilo.) Katibu Tawala wetu wa Mkoa huteuliwa na Rais, lakini katika majimbo 35 ya kule katibu huomba kura. California humchagua kila miaka minne, na ukomo wa vipindi viwili ulipitishwa 1990. Zamani kiti kilikaliwa hasa: Frank C. Jordan alishika ofisi tangu 1911 hadi alipofariki 1940, na mwanawe Frank M. Jordan akaishika 1943 hadi 1970.

Tuje kwenye daftari lenyewe. Andika jina la kampuni bila vifupisho vya aina ya kampuni, "LLC" (kampuni ya dhima yenye kikomo) wala "Inc" (kampuni ya hisa), maana nukta au mkato mmoja tu huweza kuvuruga matokeo. Ukibonyeza jina, upande wa kulia hufunguka jedwali: tarehe ya usajili, hali ya kampuni, anwani, na wakala wa kupokea hati za mahakama. "Active" ni nzuri. "Suspended - FTB" maana yake imesimamishwa na FTB, mamlaka ya kodi ya jimbo, kwa mambo ya kodi, na hapo simama: kampuni ya namna hiyo haina uwezo wa kushtaki kule, na mkataba wake unaweza kubatilishwa.

Utamu uko kwenye "View History". Hapo unapakua PDF za fomu zenyewe, bila malipo, zikiwa na majina ya wakurugenzi au mameneja. Linganisha na jina lililo chini ya barua pepe uliyopokea. Matapeli wengi hawabuni kampuni. Huazima jina la kampuni halali kisha huweka simu na barua pepe zao. Kwa hiyo usimjibu kwa anwani aliyokupa yeye. Tafuta mawasiliano ya kampuni mwenyewe, uwaulize kama wanamfahamu.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza, taarifa huweza kuwa za zamani: LLC hupeleka fomu ya taarifa kila baada ya miaka miwili, na kampuni za hisa za kawaida kila mwaka, hivyo meneja aliyeondoka huweza kuendelea kuonekana. Wa pili, "Active" haisemi lolote kuhusu pesa. Kampuni ya mtu mmoja na kompyuta yake nayo husomeka hivyohivyo. Malipo yalindwe kwa barua ya dhamana ya benki, tena ipitie benki yako hapa, isiwe picha iliyotumwa kwa WhatsApp.

Kwa uwazi, daftari hili tunalipatia nyota nne kati ya tano. Ukitaka kujua lina thamani gani, jaribu la Delaware, ambako katibu huteuliwa na gavana: jina, namba na tarehe ya kuanzishwa utaviona bure, lakini kujua tu kama kampuni bado hai utalipa dola 10. Na kampuni nyingi husajiliwa Delaware huku ofisi ikiwa kwingine, kwa hiyo kwenye jedwali la California soma pia mstari wa "Formed In", yaani mahali kampuni ilipoanzishwa. Ukikuta Delaware, toa hizo dola 10 kabla hujalipia usafiri wa boksi la kwanza.