TAHADHARI: Jamaa wa "gari la kulala" Kigamboni, msimtumie hela

Wapendwa, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie maneno yakitoka makali. Mliokuwa mnauliza mbona picha za safari yetu ya Hifadhi ya Mikumi hazionekani, hatukwenda. Tumetapeliwa. Na aliyetutapeli yuko mjini hapa hapa, jana tu kaweka tena picha za gari lile lile na maneno "nafasi za likizo zimebaki chache". Ndiyo maana sinyamazi.

Bibi yetu, kama mnavyojua, Mikumi huipita tu akiwa njiani. Tulitaka safari hii aingie hifadhini kwa raha zake, asiishie kuchungulia twiga dirishani kwenye basi la Iringa. Land Cruiser zenye hema juu ya paa hazimfai, ngazi ile kwa magoti yake haiwezekani. Katika kutafuta nikakutana na tangazo la hili gari: lori dogo limegeuzwa nyumba, vitanda viko chini, jiko, friji na choo humo humo. Nikasema Mungu kajibu.

Na sikutuma hela kwa kuangalia picha. Tulivuka na pantoni, mimi, baba watoto na watoto wote, tukaenda kuliona kwa macho. Jamaa katupokea getini, shati limenyooshwa, "shikamoo mama, shikamoo baba". Funguo za gari anatoa mfukoni mwake. Mlinzi wa yadi anamwita kwa jina. Akafungua mlango, akashusha kingazi cha kukunja, akakikanyaga mwenyewe mara mbili tatu: "Mama, Bibi anapanda hapa bila kushikwa mkono." Mwanangu mdogo wa miaka mitatu akakimbilia kitandani akakataa kushuka. Akafungua friji nikaingiza mkono, baridi kweli. Akawasha jiko la gesi, akabandika maji, akatupikia chai ya tangawizi. Tukanywa tumekaa humo ndani ya gari, madirisha wazi, upepo wa bahari unaingia. Baba watoto akazunguka, akagonga matairi, akainama akachungulia uvunguni, akarudi ameridhika. Sasa niambieni, nani kati yenu angemshuku mtu wa namna hiyo?

Vikombe vikiwa bado mkononi, simu yake ikaita. Akaweka spika. Sauti ya mwanamke: "Kaka, kuna familia wanalitaka gari tarehe hizo hizo, wanalipa lote leo." Akamjibu, "Waambie haiwezekani, niko na mama yangu hapa, nimeshampa neno langu." Akakata. Akanitazama, hakuniomba hata senti. Mimi mwenyewe nikatoa simu nikatuma 900,000 ya gari. Ndipo akasema kiingilio cha hifadhi na ada ya kambi atatulipia mapema ili tusikae foleni getini, nikatuma 310,000 nyingine. Jina lililotokea ni la mwanamke. "Ni mhasibu wetu, mama." Nikaweka namba ya siri.

Siku ya safari Bibi aliamka saa tisa usiku, akaoga, akavaa kanga mpya, akakaa sebuleni na kikapu chake miguuni. Jamaa alisema atafika saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na moja ikapita. Simu ikaita, ikaita, mwishowe haipatikani. Kulipokucha tukavuka kwenda yadi, na gari tukalikuta palepale! Mlinzi akashangaa kutuona. Kumbe lile gari ni la Wazungu wanaozunguka Afrika nalo, wamelipaki wakarudi kwao kwa muda. Yule kijana analipwa kuliosha na kuwasha injini betri isife. Basi. Mlinzi alidhani sisi ni ndugu zake tumekuja kumtembelea, tulivyokuwa tunakunywa chai!

Mtu anayemdanganya bibi kizee namna hii hafai kukaa uraiani. Alimuuliza Bibi kwenye simu anapenda kulala upande gani! Alisikia furaha yake! Huyu na huyo "mhasibu" wake wakalale gereza la Segerea, na sitaki kusikia mambo ya kusuluhishana wala kulipa kidogo kidogo. Wenye gari nao wamekosewa, maana imani waliyompa ndiyo ameifanya mtaji wa wizi.

Dalili zilikuwepo. Usukani wa gari uko kushoto. Pua imebanwa ukutani na nyuma kalitupia turubai, namba za usajili huzioni. Gari la kigeni lililoingia kwa kibali cha muda si la kukodisha. Kiingilio alimhesabia hadi yule wa miaka mitatu, wakati watoto chini ya miaka 5 hawalipi hifadhini. Na malipo ya TANAPA, wenye hifadhi za taifa, yanatoka na namba ya malipo ya serikali, ya tarakimu 12 inayoanza na 99, ukiiingiza kwenye simu linakuja jina la taasisi kabla hujathibitisha. Likija jina la mtu, mhasibu au shangazi, acha. Ombeni pia leseni ya biashara ya utalii na kadi ya gari, msome jina la mwenye gari.

RB ya polisi nimeshachukua, na namba ya simu ya huyo jamaa nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli. Kama na wewe ulimlipa, njoo inboksi leo tuandikishe maelezo pamoja, tukiwa wengi polisi hawatasema ni deni la watu wawili. Na mwenye kuwafahamu hao Wazungu, awapigie popote walipo, waagize funguo zao zitoke mikononi mwa huyo mtu kabla familia nyingine haijanyweshwa chai.