TAHADHARI: Usinunue pampu ya 1KZ kabla gari halijanywa kwenye dumu

Wakuu, naandika haya nikiwa na uchungu. Mwenye Prado, Surf au Hiace ya dizeli ya zamani naomba asome mpaka mwisho kabla hajatoa hela yake. Mimi nimepigwa shilingi 1,650,000, na juu yake nimepoteza pampu yangu ya kusukuma dizeli kwenye injini, iliyokuwa nzima kabisa.

Gari ni Prado ya 1998, injini 1KZ-TE. Lilianza kukosa nguvu taratibu. Likiwa limesimama linanguruma vizuri, linawaka mara moja, ila ukipanda mlima au ukitaka kuovateki unakanyaga mafuta na gari linajivuta, linashtukashtuka kama mtu kalishika kwa nyuma. Ukiegesha pembeni dakika tano ukawasha tena, linakwenda vizuri kilomita kadhaa, halafu linarudia yale yale. Moshi mweusi hakuna. Shikeni hapo kwenye kupumzika na kupona, nitaparudia.

Nikaelekezwa kwenye duka moja la spea za mtumba upande wa Gerezani, Dar. Mbele duka, uani gereji, yaani anayekupimia gari ndiye huyo huyo anayekuuzia spea. Jamaa akachomeka kimashine chini ya usukani, akakishika dakika mbili, akanionyesha maandishi mekundu. "Boss, pampu imekufa. Ukiendelea kuliendesha hivi utaua na injini." Nikapiga picha ile skrini, nikamwonyeshe mke wangu kwa nini hela ya ada ya watoto inaondoka.

Pampu waliyonifungia iling'aa, rangi ya fedha, "imetoka Japani wiki iliyopita." Ile yangu wakaniomba niiache, eti wananipunguzia 50,000. Nikaacha. Jioni tukalijaribu barabara tambarare ya Ilala, gari tupu, likaruka vizuri. Bila shaka lingeruka, maana lilikuwa limelala uani siku nzima.

Wiki iliyofuata nikasafiri kwenda Iringa. Mikumi tukapita, Ruaha Mbuyuni tukapita. Mlima Kitonga, kona ya tatu, gari likaisha nguvu. Nyuma yangu malori yamejipanga yanapiga honi, upande mmoja korongo, watoto wako siti ya nyuma. Gia ya kwanza, kanyaga mpaka chini, gari linatambaa. Sitaisahau ile kona.

Tulifika Ipogolo usiku kwa kupumzikapumzika. Asubuhi nikampata mzee mmoja fundi wa malori. Hakuchomeka chochote. Alifungua boneti, akakibonyeza kile kipampu cha mkono kilicho juu ya filta ya dizeli, akakiachia. Kikabaki chini, hakikupanda. Akanitazama: "Kaka, huyu ana kiu. Kuna kitu kinamkaba huko nyuma." Akachukua dumu la lita tano, akatia dizeli safi, akalifunga imara kwa mipira ya tairi kwenye chumba cha injini. Mpira mmoja ukatoka kwenye dumu moja kwa moja mpaka pampu, na ule wa mafuta yanayorudi nao akauingiza dumuni. Tenki na filta vikawekwa kando. Tukaupanda mlima wa kuingia Iringa mjini kwa gia ya tatu na gari likavuta kama nililolijua zamani.

Tatizo lilikuwa tenki. Ndani yake, kwenye bomba la kufyonzea, kuna kichujio kidogo cha wavu. Alipokitoa kilikuwa kimevaa utando mweusi, laini kama ugoro uliolowa. Ukikanyaga sana, uchafu unavutwa na kuziba wavu. Ukizima, unadondoka, mafuta yanapita tena, na ndiyo maana gari lilikuwa linapona likipumzika. Kuosha tenki, kichujio na filta mpya, nikalipa 95,000.

Huyo mzee akanifundisha jambo ambalo natamani ningelijua kabla. Gari la dizeli la zamani likikosa nguvu, angalia moshi kwanza. Ukiwa mweusi mzito, tafuta upande wa hewa: filta ya hewa, mipira ya turbo iliyopasuka au kulegea klipu. Kama nguvu hakuna na moshi hakuna, mara nyingi mafuta hayafiki ya kutosha, na hapo unaanzia tenki, unakuja mpira kwa mpira, filta, halafu ndiyo pampu. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu. Ukiona mapovu yanapita, kuna mahali panavuta hewa. Vipimo hivi vyote havifiki bei ya chakula cha mchana. Anayekimbilia pampu siku ya kwanza anataka kuuza pampu.

Na kile kimashine? Mpwa wangu alipoitazama picha yangu akaniuliza, "Mjomba, mbona juu hapa pameandikwa 1NZ?" 1NZ ni injini ya petroli, zile za IST. Nilionyeshwa ugonjwa wa gari la mtu mwingine. Toyota nyingi za Japani za miaka ile hata hazielewani na hivi vimashine vya bei rahisi. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia, unafungua swichi, unahesabu taa ya injini inavyomulika. Langu lilimulika sawasawa bila kukatika, maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa.

Ile pampu ya kung'aa nilipoipangusa kwa kitambaa chenye dizeli, rangi ilitoka ikabaki kwenye kitambaa. Chini yake chuma kimekwanguka, kibati cha namba kimeng'olewa, na rangi imepulizwa mpaka juu ya mpira. Sasa injini ikipata moto haitaki kuwaka mpaka ipoe, na mzee anasema ni pampu iliyochakaa ndani. Tena pampu za 1KZ-TE huja na rezista zake (vipande vidogo vya umeme) zilizopimwa kwa pampu hiyo hiyo. Mimi wameniachia zile za zamani.

Nikarudi dukani kudai ya kwangu. Wakasema imeshachukuliwa na watu wa skrepa. Wakati wanasema hivyo nikaiona kwenye shelfu nyuma ya kaunta, imeshapulizwa fedha. Fundi wangu wa zamani alipobadilisha mkanda wa taimingi aliipiga alama tatu za patasi karibu na boliti ya juu, na rangi haikuzifunika. Nilipozionyesha, jamaa akasema, "Mzee wangu, alama hizo pampu zote zinazo." Risiti niliyopewa imeandikwa kwa mkono, "spea", bila namba ya gari, na chini yake "mali ikiuzwa hairudishwi." Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikudai, na hilo limeniumiza polisi nilipokwenda kufungua RB, yaani kuandikisha malalamiko.

Wauzaji waaminifu wapo Gerezani, nimenunua kwao miaka mingi. Lakini ukiambiwa uache pampu yako ya zamani, likatae hilo punguzo, pampu ifunge kwenye gunia uondoke nayo. Na kama kuna mtu siku hizi kauziwa pampu ya 1KZ ya rangi ya fedha, isiyo na kibati, yenye alama tatu za patasi karibu na boliti ya juu, tafadhali aniandikie.