Utepe wa chuma wa kupimia kipenyo cha mti: Jozani unatosha, mikokoni unataka uangalizi, Chwaka haufai

Utepe ninaoueleza hapa ni ule wa chuma unaojikunja ndani ya kasha lake. Upande mmoja umepigwa sentimita za kawaida, na upande wa pili umepigwa alama zilizoachana kwa sentimita 3.14, ili anayeuzungusha kwenye shina asome kipenyo moja kwa moja bila ya kugawa mzingo kwa pai. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya utepe wa fundi cherehani unaopatikana Darajani, na kwa hivyo skuli au kamati ya uhifadhi ya shehia inayotaka kujua msitu wake umebeba biomasi kiasi gani, yaani uzito mkavu wa mimea iliyosimama, ina haki ya kuuliza kama fedha hizo zitarudi. Kwa anayepima miti zitarudi. Kwa anayetarajia kupima kila kinachoota Unguja na Pemba kwa chombo hiki kimoja, hazitarudi.

Uzito wa mti hai hautiwi kwenye mizani. Hukadiriwa kwa mlinganyo, na mlinganyo hukuza kila kosa la kipenyo. Ule ambao mtafiti Komiyama na wenzake waliuchapisha mwaka 2005, kutokana na mikoko ya Kusini-Mashariki mwa Asia, unazidisha 0.251 kwa densiti ya mbao, yaani gramu za mbao kavu katika sentimita moja ya ujazo, na kwa kipenyo kilichopandishwa kwenye kipeo cha 2.46, na kwa sababu hiyo kosa la asilimia 5 kwenye kipenyo hufika karibu asilimia 13 kwenye uzito. Hapa ndipo ilipo dosari kubwa ya utepe huu: pande zake mbili zimechapishwa kwa rangi moja na kwa tarakimu za ukubwa mmoja. Mkoko wenye kipenyo cha sentimita 15 na densiti ya 0.85 huwa na karibu kilo 167 juu ya ardhi, lakini mwanafunzi akisoma mzingo wake, ambao ni kama sentimita 47, na kuuandika kuwa ndio kipenyo, mkoko huo huo utatoka na zaidi ya tani mbili na nusu. Mtengenezaji angeweza kuliondoa tatizo hili kwa wino mwekundu tu. Mpaka atakapofanya hivyo, kila mnunuzi apake rangi upande wa mzingo siku ya kwanza.

Katika msitu wa Jozani utepe unafanya kazi yake vizuri sana. Mitondoo na miti mengine mikubwa iliyoota penye maji ya chini ya ardhi ina mashina ambayo si duara kamili, na utepe unaokumbatia shina lote hutoa wastani ulio bora kuliko chombo kinachobana pande mbili. Kulabu ya mwisho wake hushika gome, hivyo mtu mmoja anaweza kupima peke yake kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka chini. Ngezi, huko Pemba, mambo ni hayo hayo kwa mivule na mitondoo, ila si kwa mpapindi wala mwale, ambayo ni ya jamii ya minazi, kwa kuwa jamii ya minazi hairefushi na kunenepesha shina kwa pamoja kama miti mengine: shina likishafikia unene wake huendelea kurefuka tu, na anayetaka uzito wake apime urefu.

Mikokoni, kwa mfano Pete, hali ni nyengine. Mkoko hausimami juu ya shina moja kutoka tope, bali juu ya mizizi iliyopinda mfano wa mbavu za jahazi, na kimo cha kifua mara nyingi huangukia katikati ya mizizi hiyo. Kwa hivyo utepe huzungushwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Maji ya chumvi huula chuma, na utepe usiooshwa kwa maji baridi siku hiyo hiyo huanza kukwama ndani ya kasha. Wa nyuzi za kioo ungevumilia zaidi hapa, ingawa hurefuka kidogo ukivutwa kwa nguvu. Tena utepe hautofautishi mkoko na mchu, mti mwengine wa mikokoni, na kwa kipenyo kimoja mkoko ni mzito zaidi kwa sababu mbao zake zimeshikana; jina la mti liandikwe kabla ya kipimo.

Kwenye vichaka vya maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, sikuuona una faida. Vijiti ni vingi na vyembamba, na kalipa ndogo, chombo kinachobana kijiti pande mbili, inawahi zaidi.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nami naliona ndilo kubwa, ni kwamba biomasi si uzalishaji. Biomasi ni kilichopo leo. Uzalishaji ni kinachoongezeka kwa mwaka, pamoja na majani yaliyokwishaanguka, ambayo utepe hauwezi kuyaona na ambayo hukingwa kwa nyavu zilizotundikwa juu ya kiwango cha maji ya bamvua. Katika jadweli za wanaikolojia Whittaker na Likens za miaka ya 1970, msitu wa mvua wa tropiki una kilo 45 za mimea kwa mita moja ya mraba na huzalisha gramu 2,200 kwa mwaka, ilhali maeneo ya mwani na matumbawe yana kilo 2 tu na huzalisha gramu 2,500. Anayehesabu mashina peke yake ataidharau bahari bila ya haki. Hata msituni, ongezeko la milimita chache kwa mwaka hupotea iwapo utepe umewekwa juu kidogo au chini kidogo ya mahali pa mwaka jana, kwa hivyo pahala pa kipimo pachorwe mstari wa rangi.

Kwa nyasi za bahari za ghuba ya Chwaka, fedha hizo ni bora zinunue fremu ya mraba ya kuainishia eneo la kuchimba, mizani nyeti na nafasi katika tanuri la kukaushia. Nyasi huchimbwa pamoja na mizizi yake, kwani sehemu kubwa ya uzito mara nyingi imo mchangani, kisha hukaushwa kwenye nyuzi 60 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena. Uzalishaji wa majani hupimwa kwa sindano: jani hutobolewa karibu na shina lake, na baada ya wiki moja au mbili huangaliwa tundu limesogea umbali gani.